Mti Unaokatwa Magotini

Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikiandika jambo nawataja kwanza wenye makosa, wasije wakajificha nyuma ya maneno mengi. Majina siyaandiki, wapo hai na wanajijua. Wa kwanza ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Mwingine ni mwenyekiti wa kijiji chetu wakati ule, mteja wangu wa gongo. Na mimi mwenyewe nimo, maana gongo nilikuwa naipika.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huria. Ushirika uliacha kuchukua mahindi yetu, mbolea ikawa kitu cha kutazama dukani na kurudi nyumbani, na soko la Sumbawanga likajaa mitumba mpaka bibi zetu wakashinda kwenye baridi ya Juni wamevaa makoti ya kizungu. Mume wangu akafa katikati ya mambo hayo. Matanga hayajaisha vizuri, shemeji akaswaga ng'ombe, akabeba plau, akapanda baiskeli ya kaka yake na kuondoka nayo akipiga kengele. Mimi nikaachiwa kipande cha bondeni, panapotuama maji, ambapo hata maharage yalikuwa yanaoza.

"Lima tu, shemeji," aliniambia. "Ila mti usipande."

Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Mjane analima ulezi, anavuna, anashukuru. Akipanda mti, wenye ardhi wakauona unakua na wakanyamaza, basi ameketi, hakuna wa kumwondoa. Na mimi nilikuwa na watoto watatu na sina kwingine kwa kwenda.

Mbegu alinipa mtawa mmoja mgeni wa misheni, zimefungwa kwenye karatasi. Zilipomwagika kiganjani nikadhani kanipa ugoro. Akasema ni mti wa mafuta wa Australia, wa ukoo mmoja na mkaratusi, na mafuta yake yanatibu fangasi na vidonda vya ngozi. Akanionya nisizifukie, nizinyunyize tu juu ya udongo laini na chombo nikiweke kwenye maji, yapande yenyewe kutoka chini. Hayo nikayafuata. Zikaota kama manyoya ya kifaranga.

Kosa langu lilikuja wakati wa kuihamisha miche. Mfipa ukimpa kitu cha kupanda, mkono wake unakwenda kwenye tuta. Sisi tunafukia nyasi, tunarundika udongo juu, zinaoza, ndipo tunapanda. Nikaipanga miche juu ya matuta yangu mazuri ya mviringo, wapita njia wakanisifu. Ikakauka yote, isipokuwa mitatu iliyoporomokea mferejini. Mtawa alipokuja akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mama, huu unapenda kulowa miguu. Wewe umeupandisha kitandani."

Ile mitatu ndiyo iliyozaa shamba. Nilikata vijiti vya urefu wa kiganja, visiwe vichanga wala vilivyokomaa, nikanyonyoa majani ya chini, nikavichomeka kwenye mchanga mbichi na kuvifunika kwa nailoni. Vingi vilikufa. Vilivyoshika nikavipeleka bondeni, kwenye maji yaleyale yaliyokataa maharage.

Shemeji alipita akasimama. "Hivi ni nini?"

"Majani."

"Ya nini?"

"Ya kupaka miguu."

Akaitazama miguu yake, iliyoliwa na fangasi ndani ya viatu vya mtumba, akaenda zake. Mwaka huo akanyamaza, na uliofuata, na mingine baada ya hapo.

Mti huu unakatwa magotini, nao unachipua tena vijiti vingi kuliko mwanzo. Majani na vijiti nilivifukiza kwenye mtambo uleule wa gongo: pipa, moto, bomba la shaba linalopita kwenye maji baridi. Yakitoka, mafuta yanaelea juu ya maji, nayaengua kwa kijiko. Mwenyekiti aliona moshi akaja.

"Leo umesahau kuniita."

"Shikamoo, mwenyekiti. Hii si ile."

"Marahaba. Mtambo si ni uleule?" Akachovya kidole, akalamba.

Nilikuwa nimeanza kumwambia kwamba haya hayalambwi, ni sumu tumboni, yanapakwa tu, tena yakichanganywa na mafuta ya alizeti. Nakiri sikuharakisha. Alitema mate mpaka anafika kwake.

Lakini watu walipona vidole. Wakaja kutoka Kate, wakapanda kutoka Mtowisa, kule chini kwenye joto. Shemeji naye akapona, na alipopona akakumbuka kwamba bonde ni la ukoo. Akanipeleka barazani.

"Hili ni zao," akasema. "Linavunwa kila mwaka. Amevuna, sasa arudishe ardhi."

"Ni mti," nikasema, "na umeutazama miaka minne."

Wazee wakabishana: mti gani unaishia magotini? Mwenyekiti, ambaye ulimi wake ulikuwa bado unanikumbuka, akaamua shina moja niliache bila kulikata hadi masika mawili yapite, tuone lenyewe linataka kuwa nini.

Likanipita kichwa. Likaipita paa ya nyumba yangu. Wiki ya baraza la pili, asubuhi ya ukungu, nikasikia krr, krr. Nikashuka bondeni. Shemeji amepiga magoti kwenye matope.

"Za asubuhi, shemeji."

"Nzuri. Napita tu."

"Na huo msumeno?"

"Nampelekea fundi."

"Fundi anakaa huku juu, shemeji." Nikaona amefika katikati ya shina. "Malizia basi. Ukiuacha hivyo utakuangukia."

Akamalizia. Mimi nilishika shina lisilale juu ya miche.

Barazani alisimama wa kwanza. "Huo mti haupo. Mwende mkatazame."

"Uliukata na nini?" mwenyekiti akauliza.

"Panga lilikataa. Nikaazima msumeno."

"Wewe ulezi wako huwa unauvuna kwa msumeno?"

Wazee wakaacha Kiswahili cha baraza, wakacheka kwa Kifipa. Kipande kikaandikwa kwenye daftari la kijiji kuwa cha mjane, na watoto wake baada yake. Ng'ombe sikurudishiwa, plau pia, na kwa hayo sijamsamehe mpaka leo.

Siku ileile nikaanza kuchomeka mpakani vijiti vilivyokwisha kutoa mizizi. Shemeji akaja akasimama upande wake, mikono nyuma.

"Mstari wako umepinda, shemeji."

"Umepinda kuelekea wapi?"

"Kwangu."

"Basi shika kamba upande huo, tuunyooshe."

Akashika.