Kanuni ya majina ya variable niliileta mimi, sifa akapata Mireille

Wakuu, salamu toka Kolwezi.

Hii siyo chai. Imenipata kazini na bado inaniuma. Kiswahili chetu cha Katanga mkivumilie.

Mi ni programmer. Equipe yetu ilikuwa watu watatu, tunatengeneza programu ya mizani ya malori ya shaba: mimi, Tata Kalenga, mkubwa wetu kwa umri, na Mireille, dada aliyetoka Lubumbashi juzi juzi.

Code ilikuwa fujo: kila variable, yaani kila kipimo kinachotunzwa ndani ya programu, kila mtu aliipa jina lake. Uzito wa lori tupu, Tata aliuita poidsVide, mimi empty_weight, na jamaa aliyetutangulia aliuita uzito2.

Kitu kimoja, majina matatu! Ukirekebisha moja, mengine yanabaki nyuma, lori linatoka getini na kipimo cha uongo.

Nikatunga kanuni: majina yote Kiingereza, herufi ndogo, maneno yaunganishwe kwa mstari wa chini. Nikasimama mbele ya chef, bosi wetu sote watatu, nikaeleza vizuri kabisa.

Tata Kalenga akacheka. "Mutoto, Kingereza ni ya nani hapa?"

Chef akasema tutaona. Ikafia hapo.

Mireille hakubishana na mtu. Alivuta kiti, akakaa karibu na Tata.

"Tata, mu kichwa yako hii kitu inaitwa namna gani?"

"Poids vide."

"Basi tuandike poids_vide, na bote tufuate vile."

Wakuu, mstari wa chini ule ule! Kanuni yangu, imevalishwa Kifaransa tu.

Tata akakubali, wote tukafuata. Chef akaanza kuiita "méthode ya Mireille". Halafu akampa uongozi wa kazi mpya kule Kingamyambo. Nafasi hiyo nilishamwambia mke wangu kwamba ni yangu.

Msinicheke. Nilikuwa nafungua code yake natafuta hata jina moja lililopinda. Sikupata. Ndiyo nikaumia zaidi.

Juzi, Mireille akiwa nasi ofisini, programmer mpya wa Kingamyambo aliyepewa code yetu kapiga simu, chef kaweka sauti wote tusikie.

"Hii sehemu ya kupima nimeisoma bila kuuliza muntu. Nani aliiandika?"

Chef akamtazama Mireille, tayari anatabasamu.

Mireille akasema, "Ni Trésor. Na ile mustari ya chini, ni ye alianza kuileta. Mi nilifuata tu."

Trésor ndiyo mimi.

Tata Kalenga akanipiga begani. Nilitakiwa kufurahi, wakuu. Lakini wivu ulihama tu: mwanzo nilimwonea wivu cheo, sasa namwonea wivu roho. Ningekuwa mimi, nisingemtaja.

Nilichojifunza: chagueni namna moja ya kuita vitu, lugha yoyote, ila waulizeni kwanza wale watakaoiandika kila siku. Mimi nilihutubia, yeye aliuliza.

Haya, kwenu variable mnaziita kwa lugha gani? Na kuna aliyewahi kumwonea wivu mtu ambaye hata kumchukia inashindikana? Mwageni ya kwenu, nipumue.