Kotama ya Shaibu

Shaibu ni jirani yangu. Kiambo chake na changu vimepakana, na mpaka wetu ni mstari wa mananasi aliopanda marehemu baba yake. Mimi si mtu wa maneno mengi, naye hali kadhalika, ndiyo maana tumeelewana miaka yote. Tunaweza kukaa barazani kwangu tangu alasiri hadi adhana ya magharibi, tukasemeshana mara mbili tu, na kila mmoja akaenda kwake ameridhika. Haya ninayoyaandika mengine niliyaona kwa macho. Mengine alinieleza mwenyewe, akisuka makuti, bila kuinua uso.

Alikuwa mgema. Kwa asiyejua kazi hiyo, mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, akakata kipande chembamba kwenye ncha ya karara, yaani kole la maua ya mnazi, kabla halijachanua, akatundika kibuyu chini yake. Maji yanayodondoka humo ndiyo tembo. Asubuhi huwa tamu, hata mtoto hunywa. Likikaa hugeuka kali, likalevya. Kisu anachokatia kimepinda kama mwezi mchanga, na jina lake ni kotama.

Kotama ya Shaibu ilikuwa ya baba yake. Siku moja ilikutana na msumari ambao mtu aliupigilia kwenye mnazi, ikamegeka kidogo karibu na ncha. Hakuthubutu kulinoa lile pengo mpaka liishe, maana chuma chenyewe kilikuwa kimekwisha kuliwa na jiwe, kimebaki chembamba kama ukucha. Basi tangu siku hiyo kila alichokata kilibaki na mstari mdogo ulioinuka, kama unywele umelala juu yake. Wenzake walimtania, "Shaibu peke yake anayetia sahihi huko juu."

Kabla ya kupanda alikuwa na ukelele wake, "Napandaa!" Wanawake waliokuwa wakioga uani wanajisitiri, maana mtu aliye juu ya mnazi anaona nyua zote. Ukelele ule ulikuwa saa yetu ya kijijini.

Watu walinunua tembo lake jioni, na asubuhi wakaona aibu kula kwake. Siku ya maulidi sinia la wali alilopeleka msikitini lilirudi nyumbani karibu limejaa. Hakulalamika. Alikula wali ule yeye na mkewe Mwanaharusi, na mwingine wakatuletea sisi. Tulikula.

Jambo lililomkosesha raha lilikuwa mdogo wake, Ally. Huyu alijifunza useremala wa madau kule Jibondo, na kuna vyombo vinatembea mpaka leo mbavu zake alizichonga yeye. Lakini alikuwa ameshikwa na pombe. Mikono ikaanza kutetemeka, shoka la fundi likamkataa. Kisha miguu ikavimba. Shaibu alimpeleka hospitali Kilindoni, na daktari akamwambia mbele ya mgonjwa mwenyewe kwamba ini limeharibika, na kwamba huyu akiendelea kunywa atakufa, hakuna dawa ya kumsaidia.

Waliporudi, Ally alikaa siku kidogo, kisha akaonekana tena chini ya minazi ya kaka yake, kikombe mkononi. Shaibu akimnyima, mtu mwingine ananunua na kumkabidhi.

Wakati huo huo wilaya ilianza kampeni yake ya kupunguza ulevi na bangi. Kila kijiji kikaunda kamati. Afisa aliyekuwa akija kwetu ni mama mmoja wa bara, Victoria, mtu mpole, anasalimia wazee shikamoo kama aliyezaliwa hapa. Mwenyekiti wa kamati yetu akawa Mfaume, mume wa Amina, dada yao Shaibu na Ally. Mfaume naye aliwahi kugema ujanani, halafu akaacha akafungua duka.

Alikuja kwa Shaibu nikiwapo.

"Shemeji," alisema, "Ally anakunywa tembo la nani?"

"Langu."

"Hapa kijijini kuna mgema mwingine?"

"Waliobaki ni wazee. Hawapandi."

"Basi wewe ukishuka, ukaacha kugema, Ally atakunywa nini? Upepo?"

Mwanaharusi, aliyekuwa akikuna nazi mlangoni, aliacha kukuna.

"Anayekwambia haya si mwenyekiti," Mfaume akaongeza, sauti ameishusha. "Ni mume wa dada yako. Amina halali kwa ajili ya Ally. Shuka, bwana."

Shaibu alishuka.

Wagema wa kwetu walikuwa na desturi yao. Mgema akiacha kazi hakitupi kisu kwa mkono wake mwenyewe. Humpa mtu anayemwamini, huyo ndiye akakizamishe baharini. Waliamini kwamba anayekitupa mwenyewe atakuja kuanguka kutoka juu, hata kama ni juu ya kitanda. Shaibu alikuwa mtu wa kufuata mambo ya baba yake. Hivyo siku ya mkutano, uwanjani, mbele ya watu wote na Mama Victoria, aliapa kwamba hatagema tena, akamkabidhi Mfaume kotama ikiwa imefungwa kwenye kitambaa cheupe.

Mfaume aliifungua akaiinua juu. "Hii naizamisha mimi, penye mkondo wa Chole!" Watu wakapiga makofi. Ally alikuja mbele akichechemea, akamkumbatia kaka yake, akalia. Mama Victoria akapiga picha kwa simu. Niliiona baadaye picha ile. Shaibu ameshikwa katikati, Ally kulia, Mfaume kushoto, na Shaibu anaangalia chini kama bwana harusi.

Baada ya hapo akaingia kwenye makuti. Hoteli za Utende zinanunua, kazi haikosekani. Sinia lake la maulidi iliyofuata lilirudi tupu, na Mwanaharusi alilionyesha kwa jirani mmoja mmoja.

Ally naye akaomba kazi. Akamwambia kaka yake, "Shamba la bondeni niachie mimi. Usijisumbue na kile kilima cha njiani. Nitapalilia, nitaangua nazi, nitakuletea."

Shamba hilo ni la baba yao, lipo mbali kidogo, njia ya kwendea Ras Kisimani, na hawajawahi kuligawana. Lina minazi mingi mirefu iliyozeeka, na mitatu mifupi iliyokuwa ikitoa tembo zuri kuliko yote. Shaibu alifurahi. Aliona pia ni heri asiende huko, asiitazame ile mitatu akatamani. Ally akawa anakwenda kila siku na kurudi na nazi kwenye pakacha. Alikuwa akitafuna karafuu kutwa nzima.

"Huyu ameanza kunukia," Shaibu aliniambia barazani, na kwake hayo yalikuwa maneno mengi. "Nadhani anaposa."

Mwaka ukapita hivyo. Miguu ya Ally haikunywea. Shaibu alisema ugonjwa wa ini unakawia kupona.

Halafu hoteli moja ikaagiza makuti mengi kwa mara moja, na ya karibu yakamwishia. Akaenda bondeni kutafuta. Alifika saa za alasiri, na jambo la kwanza alilolisikia ni nyuki. Aliwajua nyuki wa namna hiyo, wanaofuata tembo. Akatazama juu ya ule mnazi mfupi wa kwanza, akaona kibuyu. Wa pili, kibuyu. Wa tatu akaona miguu ya mtu.

Hakuita. Aliinama chini ya mnazi, pale vipande vinapoangukia mgema akikata, akaokota kimoja kibichi. Kilikuwa na unywele. Akaokota cha jana, kimeanza kukauka. Nacho kilikuwa nao. Aliniambia alijikuta amechutama anaviokota kama mtu anayeokota dagaa, na kila kimoja kilikuwa na mstari ule ule.

Ally akatokea vichakani na dumu mkononi. Alipomwona kaka yake akasimama.

"Kaka."

"Nani yuko juu?"

Ally akatafuna karafuu yake.

"Mfaume!" Shaibu akaita. "Hukupiga ukelele."

Sauti ikashuka, ya mtu anayejifanya hana neno. "Huku bondeni nani anaoga, shemeji? Kima?"

"Shuka."

"Ngoja nimalize karara hili."

Akamaliza. Akashuka taratibu, kibuyu kiunoni, kotama mdomoni kama alivyokuwa akiishika baba yao. Alipofika chini akaitoa mdomoni, akaifuta kwenye shuka.

"Ulisema umeizamisha," Shaibu akasema.

"Chuma kizuri kama hiki? Ningekizamisha ningekuwa na dhambi."

"Tembo unampelekea nani?"

"Wanaotaka. Wewe ulishuka, shemeji, watu hawakushuka. Walikuwa wanakwenda kunywa gongo kijiji cha pili, linawaua. Hili angalau ni safi." Akaanza kupata nguvu. "Na usinitazame hivyo. Shamba hili la baba yenu. Amina ana fungu lake, Ally ana fungu lake. Mimi nimegema fungu la mke wangu, na la Ally kwa ruhusa yake. Lako sijaligusa."

"Na kamati?"

"Kamati ilitaka mgema mmoja aache. Si uliacha?"

Shaibu akamgeukia Ally. "Wewe ulijua."

"Mimi nabeba tu," Ally akasema. "Ananipa kibuyu kimoja. Kaka, mimi sikuapa. Wewe ndiye uliyeapa."

"Ulilia."

"Nililia kweli. Nilifikiri sitapata tena." Akacheka kidogo, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

Mfaume akamshika Shaibu bega. "Sikiliza, bwana. Jumamosi Mama Victoria analeta wageni wa wilaya nyingine waje kukuona. Wewe ndiye mfano wetu. Sema kama ulivyosema siku ile, wataondoka. Ukilikoroga, aibu haitakuwa yangu tu. Ni ya dada yako."

Shaibu aliutoa ule mkono begani mwake, akarudi nyumbani. Makuti hakuchukua.

Asubuhi ya Jumamosi nilisikia shoka upande wa bondeni. Nikaenda, nikamkuta amevua shati, mnazi wa kwanza umekwisha kuliwa nusu. Alinitazama, akasema, "Jirani, nishikie kamba, mnazi usije ukaangukia muhogo wa watu." Nikashika. Ulipoanguka ardhi ilitikisika, vibuyu vikapasuka, tembo likamwagika na nyuki wakatuzunguka. Akaenda wa pili. Jua lilipokuwa la utosi, yote mitatu ilikuwa imelala.

Mnazi ukianguka kwetu habari hufika kijijini kabla ya mtu kuipeleka, kwa sababu ya shaha. Shaha ni moyo wa mnazi, ule mweupe ulio ndani ya kilele. Huupati mpaka mnazi ufe, na ni mtamu kuliko lozi. Watu walikuja na visu na masinia. Wanawake, watoto, wazee. Hakuna aliyeuliza. Walikaa juu ya mashina wakala, wakataniana, kukawa kama harusini. Wengine nilijua ni wanywaji wa tembo la pale pale, nao walikula.

Mama Victoria na wageni wake, walipokuta kijiji hakina watu, waliongozwa bondeni. Mfaume alikuwa nao, shati lake limepigwa pasi. Alipoona mashina matatu chini uso wake ulibadilika rangi.

"Shikamoo, Mzee Shaibu," Victoria akasema. "Kuna shughuli gani?"

"Marahaba, mama. Tunakula shaha."

"Minazi mizuri hivi, kwa nini umeiangusha?"

Shaibu alimtazama shemeji yake. Nilidhani atasema. Vipande vile vya karara vilikuwa vimezagaa miguuni pao, mtu angeinama tu. Lakini Amina naye alikuwapo, amesimama nyuma ya mumewe, ameziba mdomo kwa ncha ya kanga, anamtazama kaka yake.

"Muulize mwenyekiti," Shaibu akasema.

"Ilizeeka, mama," Mfaume akajibu haraka. "Ilikuwa hatari kwa watoto."

Victoria akaitikia kwa kichwa, akawageukia wageni, akawaeleza kwamba huyu ndiye mzee aliyekuwa mgema akaacha. Wageni wakampa mkono mmoja mmoja. Yeye akawapa kipande kipande cha shaha.

Walipoondoka, Shaibu alimwita Mfaume pembeni. Nilikuwa karibu, nazungusha kamba. "Urithi haujagawanywa," alimwambia, "leo nimegawa. Fungu langu ni hii mitatu, nimeshaichukua. Ile mirefu yote ni yenu, wewe na Ally. Panda kama unaiweza." Mfaume kwa umri wake haiwezi, na wote tunajua. Kotama hakumdai.

Ally alikuwa amekaa mbali kidogo. Shaibu alimpelekea shaha juu ya jani la mgomba. Alipokea kwa mikono miwili ili isianguke, jinsi mikono ilivyokuwa ikitetemeka. Akala yote.

"Kaka," akasema, "sasa mimi nitakunywa wapi?"

"Sijui, Ally."

Siku hizi Ally anakwenda kijiji cha pili, kwenye gongo. Anatoka asubuhi na mapema kwa sababu miguu inamchelewesha. Mfaume bado ni mwenyekiti, na ile picha imebandikwa ukutani mwa ofisi ya kijiji. Maulidi iliyopita Shaibu hakupeleka sinia.

Makuti ya ile minazi mitatu hakuyauza hotelini. Aliyasuka, akaezeka nyumba ya Ally iliyokuwa ikivuja. Nilimsaidia mimi kumrushia. Ally alipita chini yetu anaelekea njiani, akatusalimia, akaenda zake, na Shaibu akaendelea kufunga kuti lile alilokuwa ameshika.