Hema Langu Upande wa Wanaume

Hii habari nimemficha mama yangu mwaka wa pili sasa, na nyinyi nawaambia tu kwa sababu mmeapa mtacheka polepole. Aibu ya siku hiyo, hata leo nikiikumbuka nikiwa jikoni peke yangu najifunika uso na leso.

Mnajua nilimaliza chuo nikakaa Suna, kule Migori, miaka mitatu nikimsaidia shangazi kuuza mitumba, huku naandika barua za kazi mpaka mkono ukachoka. Basi mwishowe nikaitwa mahojiano ya mwalimu wa Hisabati katika shule moja ya sekondari huko Homa Bay, kwenye kamji kadogo ka ziwani (jina sitalitaja, mtaelewa kwa nini). Mahojiano yalikuwa Jumatatu saa mbili asubuhi, na mimi na akili zangu nikasema, kwa nini nisiende Jumapili nijipe likizo, maana sijawahi kwenda likizo tangu nizaliwe? Nikaazima hema la kaka yangu (alilinunua akienda kuchimba dhahabu Masara, dhahabu hakuiona, hema ndilo alilorudi nalo), nikatia mkate na nguo za mahojiano kwenye begi la mgongoni, huyo nikaenda.

Kamji kenyewe ni kazuri, siwadanganyi. Maduka matano, kanisa, dagaa wa omena wameanikwa kwenye nyavu, na ziwa limetulia tuli. Nikala kwa Mama Pamela, ambaye ana hoteli ya samaki na vyumba viwili vya wageni kwa nyuma, naye akaniuliza nitalala wapi. Hapo ndipo nilipojiharibia. Nilikuwa nimebaki na nauli ya kurudi tu, na kiburi changu hakikuniruhusu kusema sina pesa ya chumba, kwa hivyo nikamwambia nina mwenyeji. Uongo mtupu, na ningesema ukweli yule mama angenionyesha mahali pa kulala na mahali pa kuepuka.

Nikatembea ufukweni mpaka nikavuka mawe makubwa, na nyuma yake nikakuta mchanga safi, matete pembeni, hakuna mtu. (Kumbe kulikuwa na mpira uwanjani na wanaume wote walikuwa huko.) Nikaona vipande vya sabuni juu ya mwamba na mawe madogo ya kusugulia miguu yamepangwa vizuri, na mimi mtoto wa Suna, ambako tunaoga kwenye beseni, sikujiuliza kitu, nikachukua jiwe moja nikapigilia vigingi vya hema. Jioni hiyo nilikaa nikala mkate naangalia maji, nikajiona tajiri. Raha niliyosikia siwezi kuieleza.

Alfajiri nikaamshwa na sauti za wanaume. Nikajua ni wavuvi, nikafungua zipu kidogo nichungulie, halafu nikaifunga haraka na kulala kifudifudi. Hawakuwa wavuvi wanaovua. Walikuwa wanaume wa kijiji wanaoga, kila mtu kama alivyozaliwa, na suruali zao, Mungu wangu, zingine walikuwa wamezianika juu ya hema langu!

Nikawasikia wanajadiliana hema ni la nani, na mmoja akasema ni la wale watafiti wanaokuja kupima maji, wenzake wakakubali. Wakawa wananiita kwa ukarimu kabisa, "Daktari, toka uoge, maji yana joto!" Mimi nikajifunika begi kichwani. Nikajiambia watamaliza waende, lakini wapi, kumbe pale ndipo habari zote za kijiji hujadiliwa, kundi moja likiondoka lingine linafika, na saa yangu ikawa inakimbia. Saa moja na nusu, nikiwa nimeshavaa sketi na blauzi ndani humo, nikaona kazi ya miaka mitatu inaniponyoka hivi hivi kwa sababu ya wanaume na sabuni.

Nikaamua nitoke bila kuona na bila kuonekana. Nikapenyeza mkono chini ya hema nikang'oa vigingi, nikasimama, nikaanza kutembea na hema likiwa limenifunika mwili mzima. Nikasikia mtu anasema, "Yawa, jamani, hema linatembea," na watu wakaanza kukimbia, na mimi nikakimbia pia, ila upande niliochagua ulikuwa wa ziwa. Nikajikwaa kwenye mawe yale ya miguu nikaanguka majini, na nilipofaulu kutoa kichwa nje nilikuwa mbele ya mzee mmoja mwenye povu usoni, amefumba macho, ambaye alininyooshea mkono akasema karibu daktari. Nikamsalimia! Jamani, nilimpa mkono mzee wa watu, nikauliza habari ya asubuhi, ndipo nikatoka mbio.

Saa mbili kamili nilikuwa mbele ya bodi ya shule nikidondosha maji sakafuni. Mwenyekiti alikuwa yule mzee, Mzee Odera, na sasa macho alikuwa ameyafungua vizuri. Mwalimu mkuu, ambaye suruali yake ya kijivu niliitambua, alikuwa ameinua faili mpaka kwenye pua. Hakuna aliyeniuliza hata tatu mara tatu. Wakaniambia ningoje nje, nikakaa chini ya dirisha nikilia, kwa sababu niliiona ile meza ya mitumba inaningoja.

Ndani nikasikia mwalimu mkuu akisema hawezi kufanya kazi na mimi, atakuwa ananiangaliaje. Halafu Mzee Odera akasema, "Mkimrudisha Suna, jioni Migori nzima itakuwa inatujua. Mwandikeni hapa. Akiwa mtu wetu, atatunza siri zetu."

Barua nikapewa siku hiyo hiyo, ingali na alama za mikono yangu yenye maji mpaka leo. Mzee akanisindikiza mpaka mlangoni, akaangalia ziwa badala ya kuniangalia mimi, akasema polepole, "Mwalimu, wanawake huoga nyuma ya kanisa."

Ndiko ninakooga, na nimeapa sitakaa mahali popote tena, hata kwenye benchi la kanisa, kabla ya kuuliza ni pa nani. Na siri yao nimeitunza vizuri sana, isipokuwa leo.