Siku Niliyojitaja Ukweni

Nitawaambia, lakini chekeni polepole, maana Wakesho yuko jikoni, na akisikia mkasa huu unaanza huja kuumalizia mwenyewe, akaniharibia kabisa.

Mimi ni mkemia wa dawa. Nachemsha mizizi ya kwetu Marungu nikitafuta ndani yake kitu cha kuua vijidudu, kisha naandika nilichopata. Sasa, kwetu sisi ukubwa wa mtu ni kutajwa: mwenzako akitumia utafiti wako anakutaja kwenye andiko lake, na kuna ukurasa wa mtandao unaohesabu. Wangu ulisema arobaini na moja. (Nilikuwa nauangalia kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki, Mungu anisamehe.)

Tulipokwenda Mbololo kumposa Wakesho, Mjomba Mwadime, msemaji wetu, alikuwa amenisifu vya kutosha, kijana ana heshima, hanywi, ana kazi, na mambo yalikuwa yanaelekea kwenye chai. Nikamnong'oneza, "Waambie pia natajwa." Basi! Mjomba, ambaye kemia haijui ila kunogesha anajua, akasimama tena akasema wasomi wa dunia nzima hawalali bila kumtaja kijana wetu, na mimi kwa kiherehere changu nikafungua ule ukurasa kwenye simu, nikaipitisha waone.

Ikafika kwa Shangazi Mkamburi, dada ya baba yake Wakesho. Hakuna aliyeniambia kwamba alifundisha kemia sekondari mpaka akastaafu. Akavaa miwani. Akabonyeza, akabonyeza tena.

"Mghosi," akamwambia Mjomba, kwa heshima tunayowapa wazee, "hapa thelathini na nne ni yeye mwenyewe."

"Mwenyewe vipi?"

"Anaandika, anajitaja."

(Kujitaja kunaruhusiwa, jamani! Mimi nilizidisha tu.)

"Sita ni rafiki zake walioandika naye. Na huyu wa mwisho anasema amerudia kazi ya kijana wenu na hakupata kitu."

Mama yangu akaficha uso kwenye leso. Mtu akacheka nje ya dirisha, nikatambua ni Wakesho, nikajua mke nimemkosa.

"Huyu ulimjibu?" Shangazi akaniuliza.

"Bado."

"Tangu lini?"

Andiko la yule mtu nililisoma mwaka uliopita, nikajifanya sijaliona.

Baba yake Wakesho akasema, "Chai mnywe. Lakini kwa mambo ya mke mtarudi kijana akishamjibu huyo mtu."

Nilirudi maabara na hasira zangu, nikarudia kazi yote, na hasira zikaisha zenyewe. Yule mtu alikuwa sawa. Chupa zangu sikuwa nazisuuza vizuri, na kilichokuwa kinaua vijidudu si mzizi, ni sabuni! Nikaandika hivyo hivyo, kwa jina langu, kila mtu asome. Iliniuma, siwafichi.

Safari ya pili Shangazi akaomba simu kabla hatujaketi.

"Arobaini na mbili. Huyu mpya ni nani?"

"Ni yule yule, Shangazi. Ameandika kwamba nimekubali kosa."

Akasoma mpaka mwisho, akavua miwani. "Huyu sasa ndiye amekutaja," akasema, akamwita Wakesho alete chai.

Ule ukurasa siufungui tena, na ukweni sitoi simu hata ikiita. Nikijisifu kwamba leo nimepika wali mtamu, mke wangu huuliza, "Nani mwingine amesema?" Na vyombo vya nyumba hii naosha mimi, nasuuza mara tatu.