Tonge Lisiloshuka

Olinga alikuwa kuli wa kupakua malori pale Malaba, mtu wa kifua kipana na mizaha mingi. Mkewe Loise, mzaliwa wa Bukhayo, alikuwa na kibanda cha chakula karibu na kizuizi cha mpakani. Mwaka wa tisini na tatu Olinga alianza kushushia kila tonge la ugali kwa maji. Akasema ni mwiba wa samaki. Miezi ikapita, ugali ukamshinda, akahamia wali. Wali nao ukamshinda, akabaki na uji. Shati likawa linaning'inia mabegani kama lililoanikwa.

Kwao Olinga walikwisha kupata jibu. Ekwaro, mdogo wake, alisimama uani akasema kila mtu asikie, "Ndugu yangu amefungwa koo. Na anayempikia ni mmoja tu."

Loise hakubishana. Alimpeleka mumewe hospitali, Kisumu. Huko Olinga alinyweshwa maji mazito meupe kama chokaa, akapigwa picha. Daktari akamwonyesha Loise mahali ambapo weupe ule, ulioanza kushuka mpana kama kidole, ulibaki uzi.

"Mama, huu si mwiba, na hakuna mtu aliyemfunga. Ni saratani ya umio, hii njia ya chakula. Huanza kimyakimya. Mgonjwa akihisi chakula kinakwama, njia huwa imeshazibwa sana."

"Inaletwa na nini?"

"Pombe na sigara huchangia. Vinywaji vya moto sana pia. Lakini kwa mzee wako, siwezi kuapa ni kipi."

Lile neno "moto" lilimkaa Loise moyoni. Wanaume walipozunguka chungu cha ajono, ile pombe ya wimbi, na mirija yao mirefu, yeye ndiye aliyemimina maji yaliyochemka. Olinga alikuwa akimhimiza, "Ongeza, mama watoto, imepoa hii!" Naye akaongeza.

Olinga alizikwa kabla ya mvua za Machi. Tangu hapo Loise akawa anasikia watu wakimeza. Hata malori yangurume vipi, sikio lake liliokota ule mlio mdogo wa koo. Mara nyingine aliusikia kibanda kikiwa kitupu.

Miaka miwili baadaye Ekwaro, ambaye tangu mazishi hakuwa ameonja hata chai ya Loise, alishikwa na mvua akaingia kibandani. Akaagiza ugali na omena. Tonge, maji. Tonge, maji. Loise akasimama na mwiko mkononi. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

"Shemeji, imeanza lini?"

"Nini?"

"Hayo maji."

Ekwaro akasukuma sahani. "Ni wewe tena?"

"Ningekuwa mimi, ningekuuliza? Twende hospitali."

Aliondoka bila kumaliza chakula. Aliporudi baada ya miezi, sauti yake ilikuwa ikikwaruza. Alikaa kwenye benchi, akasema, "Haya, twende."

Madaktari walimtia mpira kooni ili uji upite. Haukumponya, ila ulimpa muda. Katika muda huo aliwaita mama yake na wazee wa ukoo, akawaambia kwa kunong'ona kwamba picha yake ilikuwa na uzi uleule, na kwamba ugonjwa ulimwanza siku ambazo hakuwa akila chochote kutoka kwa Loise. Wengine waliamini. Wengine walitazama chini.

Baada ya kumzika Ekwaro, mama mkwe alikuja kibandani peke yake. Loise akampakulia ugali na maharage.

"Wanangu wawili," bibi alisema. "Na mimi nikianza, utaniambia?"

"Nitakuambia, mama."

Bibi akamega tonge, akachovya kwenye mchuzi, akatia kinywani. Loise alitaka kutazama barabarani. Hakuweza.