Masikio ya Fundi

Karakana nzima ya boti ilimwita Fundi Masikio, na jina hilo alilivaa kama koti jipya. Mteja akileta boti ya faiba yenye ufa pale mwili unapoungana na mkuku, ule uti wa chini wa boti, fundi alipiga magoti, akagonga ungio lote kwa kinyundo kidogo. Palipo pazima hulia kavu. Palipoingia maji hulia bubu, kama debe lililojaa unga. Watu walisema hajawahi kukosea.

Kumbe kelele za grainda, mashine ya kusagia faiba, zilikuwa zimemharibia masikio miaka tisa nyuma. Ukimkaribia mlizungumza vizuri tu, ila tofauti ndogo ya milio ilimpotea. Aliyesikia ni mkewe. Mama wa watu aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, eti kaleta chai, na palipolia vibaya alichora alama kwa chaki. Sifa zikija, yeye alikusanya vikombe. Fundi alizipokea zote, wala hakumgawia mwenzake hata kidogo. Tuseme wazi: alimdhulumu.

Boti ya daktari wa meno walikuwa wameikagua nusu, upande wa kushoto tu. Jumatatu mke akashikwa na homa, Ijumaa wakamzika.

Fundi aliporudi kazini, alama tano za mkewe zilikuwa bado upande wa kushoto. Ili kuziba ufa ilibidi azisage pamoja na faiba mbovu. Alisaga nne. Ya tano ilimshinda. Aliifunika kwa kiganja, akalia.

Upande wa kulia haukuwa na alama hata moja. Aligonga, akaegemeza shavu, akagonga tena. Kwake yote yalikuwa mlio mmoja. Angeweza kupaka gundi na rangi akanyamaza, nani angejua? Lakini daktari angepanda na wanawe wawili, na mkuku ukichomoka kwenye kina kirefu, boti ingepinduka nao.

Daktari akafika. "Vipi Fundi, upande huu ni mzima?"

"Sijui, Daktari. Tafuta fundi mwingine."

"Acha utani bwana. Masikio kama yako nitayapata wapi?"

"Hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mke wangu, miaka yote hii."

Daktari aliitazama ndoo iliyopinduliwa. "Yule mama wa chai?"

"Huyo huyo," fundi alisema. "Mimi nilikuwa nagonga tu."