Safari ya Kwaluguru na Gari Lililomtaka Shangazi

Nilikwenda Kwaluguru kwa sababu moja tu: kuoa. Zaituni, binti wa Mzee Mhando, alikuwa akifundisha kisomo cha watu wazima katika kijiji kipya cha ujamaa huko, nami nilikuwa karani wa stoo katika shamba la mkonge nje ya Korogwe. Posa ilikuwa imekubaliwa, na ndoa ilipangwa Ijumaa baada ya swala. Kilichobaki ni bwana harusi kufika. Ingekuwa kazi nyepesi kama ningepanda basi kama watu wengine. Bahati mbaya nilikuwa na gari.

Lilikuwa gari la mbio, jekundu, la viti viwili, lenye paa la turubai. Meneja wetu Mgiriki ndiye aliyekuwa akilitesa barabarani enzi zake. Mashamba yalipotaifishwa alifunga mizigo arudi kwao, na asubuhi ya kuondoka akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Kimya. Akashuka, akanitupia ufunguo mimi niliyekuwa nimesimama karibu, akaenda kupanda treni.

Ugonjwa wake ulikuwa huo. Leo linawaka ukiligusa tu, kesho halitoi hata mlio. Fundi wa Korogwe alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, akaapa kwamba limepona. Pale kwake liliwaka kila alipojaribu. Nililifikisha nyumbani Kilole, nikalizima, likagoma.

Alhamisi asubuhi, Kilole. Jamaa zangu walikuwa wametangulia kwa lori. Tuliobaki tulikuwa watatu: mimi, rafiki yangu Saidi, aliyekuwa akae kando yangu kama msimamizi wa bwana harusi, viatu vyake viking'aa kama kioo, na Shangazi Mwanahawa, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa akingojea basi kwa sababu hapandi lori. Nilizungusha ufunguo mpaka kidole kikaniuma.

"Mbona hamwondoki?" Shangazi aliuliza.

"Halitaki, Shangazi."

"Basi mwambie huyo Saidi anipishe nikae kidogo. Miguu inawaka moto."

Shangazi alikuwa mwanamke wa mwili. Alijishusha katika kile kiti taratibu, springi zikalia, gari zima likainama upande wa kushoto. Nikazungusha ufunguo kwa mazoea tu. Gari likanguruma mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

"Haya, Shangazi, shuka tuondoke," Saidi alisema kwa furaha.

"Nishuke niende wapi? Kwani limewaka kwa ajili yako?"

Saidi akaenda kungojea basi, na vile viatu vyake.

Tulipovuka daraja la Pangani tuliacha mji nyuma, tukaingia katika vumbi jekundu. Shangazi alishika mtandio kwa mkono mmoja na mlango kwa mwingine. Kila tuliyempita alimsalimia kwa sauti, na kabla hajajibiwa tulikuwa mbali.

Sindeni tulisimama anywe maji. Alipokuwa ndani ya nyumba ya watu akijulia hali ukoo mzima, nilijaribu gari. Kimya. Nilifungua boneti, nikatikisa kila waya niliouona, nikajaribu tena. Kimya. Shangazi akarudi, akakaa. Likawaka.

Handeni mjini, baada ya kutia petroli, mambo yakawa yale yale. Hapo Shangazi hakuwa tena na shaka.

"Unaona, mwanangu? Kitu hiki kinajua mkubwa ni nani."

Nilicheka, lakini moyoni nilianza kuhesabu viti. Kwenda tulikuwa mimi na Shangazi. Kurudi ilipaswa tuwe mimi na mke wangu.

Kwaluguru tulifika jua likiwa bado juu. Watoto walituzunguka, na mwenyekiti wa kijiji akaja kutupokea. Alilizunguka gari mara mbili, mikono nyuma.

"Viti viwili," alisema. "Sisi huku tunajenga ujamaa, bwana harusi. Kijiji kizima tutakaa wapi?"

Watu waliangua kicheko. Baba mkwe hakucheka sana.

Ndoa ilifungwa Ijumaa, pilau ikaliwa, ngoma ikapigwa. Upande wa wanawake Shangazi alikuwa amekwisha simulia safari yetu, na kila aliporudia, gari lilizidi kumpenda. Mwisho akatangaza kwamba yeye ndiye atakayerudi nalo, maana bila yeye haliendi. Bibi harusi atapanda basi na somo wake aliyemfunda.

Jumamosi asubuhi watu walijaa kutuaga. Zaituni, mwembamba kama alivyokuwa, alipanda kwenye gari bila kumwuliza mtu. Nikazungusha ufunguo.

Kimya.

Nikajaribu tena. Nikasikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Limemkataa." Mama mkwe akaangalia chini. Baba mkwe alisogea karibu, akauliza kwa upole uliotisha kuliko ukali, "Hii maana yake nini, mwanangu?" Niliona kabisa maneno hayo yakitangulia kufika Korogwe kuliko sisi, na kutufuata maisha yetu yote.

Zaituni aliniinamia. "Washa taa," alisema.

Nikawasha. Akashuka, akazitazama kwa mbele. "Zinawaka. Sasa zungusha ufunguo."

Nikazungusha.

"Zimekufa. Umeacha, zimerudi. Si umeme huo unapotea mahali? Betri iko wapi?"

Chini ya boneti haikuwepo. Nilikuwa nimekwisha tafuta nikadhani ni mambo ya Ulaya. Zaituni aliangalia kiti chake, halafu akamtazama Shangazi, halafu akaniangalia mimi, na wote wawili tukawaza jambo moja.

"Leteni gunia la mahindi," nilisema.

Vijana wawili walilibwaga gunia juu ya kiti. Springi zikalia, gari likainama. Nikazungusha ufunguo, likanguruma. Kijiji kikapiga makofi. Mwenyekiti akasema kwa sauti, "Basi na gunia nalo ni shangazi!"

Tulizima, tukang'oa kiti. Betri ilikuwa chini yake, imejificha katika kisanduku, na kichwa cha waya wake mnene kilikuwa kimelegea, kimejaa ukoga mweupe. Mtu mzito akikaa, springi zilikikandamiza kikagusa vizuri, moto ukapita. Mtu mwepesi akikaa, hakuna. Mgiriki aliendesha peke yake, kile kiti kitupu, na Saidi alikuwa mwembamba kama mimi. Fundi wa Korogwe, nikakumbuka, alikuwa ameliweka sanduku lake la spana juu ya kile kiti. Tulikwangua ukoga kwa kisu, tukazungushia kipande cha bati la kopo, tukakaza. Zaituni akakaa. Gari likawaka. Likazimwa, likawaka tena, na mama mkwe akapiga kigelegele.

Katika furaha ile niligeuka kumtafuta Shangazi. Alikuwa amesimama peke yake kando ya gunia, akilitazama. Kisha akachukua mkoba wake, akaenda zake kuuliza basi linapita saa ngapi.

Njia ya kurudi ilikuwa nzuri. Tulisimama pale tulipotaka, kwa makusudi tu, ili tupate raha ya kuwasha tena. Lakini kila tulipocheka, Zaituni alinyamaza kabla yangu.

"Ulimwona?" aliniuliza karibu na Sindeni.

"Nilimwona."

Korogwe tulifika kabla ya basi. Zaituni hakutaka kuingia ndani. Tulikwenda stendi, tukangoja mpaka Shangazi akashuka, amejaa vumbi, bila kutuangalia usoni. Zaituni alimpigia goti.

"Shikamoo, Shangazi. Mimi mji huu siujui, wala sijulikani. Nani atanitambulisha kwa watu?"

"Marahaba," Shangazi alijibu, polepole. "Una mume, akutambulishe."

"Yeye anaendesha."

Shangazi akacheka, kwanza kidogo, kisha na mwili wote. Akajishusha katika kiti, akampakata bibi harusi kama mtoto, nami nikawapeleka hivyo mpaka Kilole, mwendo wa kutembea, yeye akisimamisha kila mtu barabarani: "Njoo umwone mke wetu!"

Nilikwenda kuoa, nikaoa, na ugonjwa wa gari langu nikaujua. Nilichojifunza zaidi ni kwamba ukiutoa ubovu mbele za watu, tazama nani alikuwa akipata heshima kwa kuukalia, umtafutie mahali pengine pa kukaa.